Jalini

Kwetu mtu akipiga chafya, kabla ya yarhamukallah,
aliye karibu naye husema: jalini.
Bibi Barke, dada wa babu, alilitamka upesi
kama mtu afukuzaye inzi,
nasi tukadhani ni amri. Jalini, enyi watu,
huyu ataugua, mfungieni dirisha, mchemshieni tangawizi.
Malindi nzima hakuna wengine wasemao hivyo.
Majirani waliuliza neno gani hilo.
La kwetu, tukawajibu.

Ukoo wetu ni Hilali.
Ukilisikia utasema Hadramauti, utasema Omani,
na sisi tuliacha useme.
Lakini mabega ya Bibi Barke yalikuwa na madoa
kama yai la kware,
na nywele zake, alipozifumua Ijumaa baada ya kuoga,
hazikuwa na haja ya hina.

Nilianza na sanduku la bati chini ya kitanda chake.
Spana moja, kutu tupu. Risiti ya kiwanda cha pamba.
Cheti cha ndoa, wino umefifia kama chai ya jana:
fundi wa mitambo, kasilimu mwezi wa Rajabu,
mke, Mize binti Shee Kombo.
Jina lake, Abdalla. Bin...
Hapo kalamu ilisita. Pana tone.

Nalijua tone lile kuliko niijuavyo sura yake.
Nakisikia kimya cha kadhi akingoja.
Bin nani, bwana? Baba yako nani?
Mgeni anavitazama viatu vyake mlangoni,
anataja kitu kwa sauti ya chini, Halorani,
na kadhi, mwenye haraka ya adhuhuri,
anamwandikia mwezi mwandamo.

Nikatuma barua Ayalandi. Nikatema mate kwenye kichupa,
nikalipia posta. Dada yangu alisema pesa hizo
zingeezeka jiko.
Baada ya miezi saba akajibu mwalimu mstaafu, Brijid.
Halorani aliyekwenda Afrika hatuna, aliandika.
Tuna Donali Mihani. Mama yake ndiye Halorani.
Akiwa na miaka kumi na tisa alitumwa
kumtafuta ng'ombe aliyekata kamba.
Ng'ombe alirudi mwenyewe.

Kumbe hata jina alilotujia nalo
lilikuwa la kuazima, kanzu ya mtu mwingine,
ingawa mtu huyo ni mama yake.
Alikimbia nini? Deni, askari, mkanda wa baba?
Brijid hajui. Tone halisemi.
Mwacha asili ni mtumwa: shuleni
niliiandikia insha methali hiyo, nikapata alama zote.
Sikuandika lolote juu ya mtu
ambaye asili ndiyo iliyomfungulia mlango
ikamwambia toka.

Jana usiku tulipigiana simu, picha ikikatikakatika.
Nyuma yake mvua, birika, mbwa mkubwa asiye na adabu.
Sanduku lilikuwa mapajani pangu, vumbi likanipanda,
nikapiga chafya.
Na huko jikoni kwao, mzee nisiyemwona uso,
mumewe labda, mikono yake ndani ya beseni la vyombo,
akasema bila kugeuka:
jalini.

Brijid alikuwa kwenye habari za makaburi.
Nilimwomba anyamaze kidogo.
Amesema nini huyo?
Mungu awe nasi, akanijibu. Kilugha chetu cha zamani.
Kwani nyinyi mtu akipiga chafya hamsemi kitu?

Dada yangu aliweka ungo chini, mchele nusu haujapetwa.
Alinitazama, akaitazama simu,
akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa leso.
Alibadili jina mara mbili, akasema,
chafya hakuikumbuka.

Jiwe la Bibi Barke limeandikwa binti Hilali.
Sitaligusa.
Karatasi nimezirudisha sandukuni, nikalifunga.
Spana nimeiacha nje:
mlango wa choo una nati inalegea.